Jembe na jembe

Katika shule moja iliyokuwa kando ya mto walikuwako wanafunzi watatu walioitwa Yosefu, na wote watatu walisoma katika darasa la tano. Kila mwalimu aliposema, "Yosefu, simama," walisimama watatu kwa pamoja, na darasa zima likacheka. Mwisho mwalimu aliona imempasa kuwaita kwa majina ya baba zao, kama yalivyoandikwa katika daftari la shule. Mmoja akaitwa Masanja, wa pili akaitwa Petro, na wa tatu akaitwa Jembe.

Majina mawili ya kwanza hayakumshangaza mtu. Lakini jina la Jembe lilikuwa geni katika nchi ile, kwa kuwa baba yake Yosefu alihamia huko kutoka mbali. Hapakuwa na mtu mwingine mwenye jina hilo, wala katika shule wala katika vijiji vyote vya jirani.

Siku ya Jumatatu mwalimu alifundisha ngeli ya JI-MA. Akachukua chokaa akaandika ubaoni:

Jembe limevunjika.
Majembe yamevunjika.

Hakukusudia ubaya. Jembe ni kitu ambacho kila mtoto anakijua, nao mfano mwema huanza na kitu kinachojulikana. Lakini watoto walipousoma mfano huo waligeuka wakamtazama Yosefu, wakacheka sana. Yosefu aliinama akakitazama kibao chake, asiseme neno. Mwalimu aliwanyamazisha, akaendelea na somo, wala hakuuliza sababu ya kicheko.

Tangu siku ile maneno yale yakawa mchezo. Yosefu alipochelewa, walisema, "Jembe limechelewa." Alipokula, walisema, "Jembe linakula." Aliyeupenda mchezo huo kuliko wote ni Andrea, mtoto hodari wa masomo, ambaye hakupata kukosa hata mara moja katika zoezi la ngeli.

Alhamisi mwalimu alikwenda mkutanoni mbali, akamwachia kiranja kazi ya shamba. Katika shamba la shule palikuwa na mwembe mkubwa, na tawi lake moja lilikuwa limekauka. Yosefu alipanda ili alikate. Kabla hajalifikia, tawi alilolikanyaga lilivunjika chini ya miguu yake, naye akaanguka. Wenzake walipomfikia waliuona mguu wake wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo.

Tabibu alikaa ng'ambo ya mto, penye nyumba kubwa za misheni na ghala. Kiranja alishika kalamu ya risasi kwa mkono uliotetemeka, akaandika juu ya kipande cha karatasi:

Jembe amevunjika. Twaomba msaada upesi.

Andrea alisoma juu ya bega lake, akasema, "Umekosa. Jembe ni ngeli ya JI-MA. Je, Mwalimu aliandika nini ubaoni siku ya Jumatatu? Sema limevunjika. Barua hii itasomwa na wakubwa, watatucheka."

Andrea hakusema hayo kwa uovu. Mchezo wa siku tatu ulikuwa umekaa kinywani mwake hata ukawa kama sheria. Kiranja naye aliogopa kuchekwa na wakubwa. Akaifuta silabi moja, akaandika nyingine mahali pake:

Jembe limevunjika. Twaomba msaada upesi.

Mtoto mdogo mwenye mbio alipewa karatasi ile. Alipofika mtoni aliukuta mtumbwi umejaa watu na mizigo, umekwisha kuondoka ukingoni. Akaingia majini hata magotini, akampa mvushaji ile karatasi, akamwambia, "Ipeleke kwa wakubwa, baba, ina haraka." Mvushaji hakujua kusoma. Alivuka, akampa mtu wa kwanza wa misheni aliyemwona, naye alikuwa mtunza ghala.

Mtunza ghala aliisoma mara mbili, akacheka. "Hawa watoto wanapenda kazi siku hizi," alisema. "Jembe moja likivunjika wanapiga mbiu!" Akaingia ghalani, akachagua jembe jipya lenye mpini imara, akampa mvushaji alirudishe jioni.

Yosefu alilala kivulini mwa ule mwembe tangu saa nne asubuhi. Wenzake walimpa maji, wakampepea kwa majani, na kila mara walitazama njia ya mtoni. Jua lilipokuwa karibu kuchwa walimwona mvushaji anakuja peke yake, na begani mwake amechukua jembe.

Hapana aliyecheka.

Mwalimu alirudi saa ile ile. Aliambiwa habari, akaiona karatasi ambayo mtunza ghala ameandika nyuma yake, "Mmepewa jipya. Litunzeni." Hakukawia hata kunywa maji. Alikwenda mtoni mwenyewe, akavuka gizani, na usiku ule Yosefu alichukuliwa kwa machela. Lakini mguu ulikuwa umekwisha kuvimba sana, hata tabibu akaona taabu kubwa kuunyosha mfupa na kuufunga mabanzi. Yosefu alikaa ng'ambo miezi miwili, na aliporudi alitembea kwa fimbo.

Siku iliyofuata ajali ile, wanafunzi waliingia darasani wakitazamia viboko. Mwalimu hakushika fimbo. Alishika chokaa, akasema, "Somo la Jumatatu halikwisha. Mimi ndimi niliyeliacha katikati, na leo nitalimaliza." Kisha akaandika ubaoni:

Jembe limevunjika.
Jembe amevunjika mguu.

Akauliza, "Katika sentensi hizi mbili, jina ni moja au ni mawili?"

Wengine walisema moja, wengine mawili. Mwalimu akawaeleza kwa mambo matano.

Jambo la kwanza. Jina la mtu hufuata mwenye jina, halifuati umbo lake. Jembe la kulimia ni kitu, nalo huingia katika ngeli ya JI-MA. Kwa hiyo husemwa "jembe limevunjika, jembe lile, jembe letu, jembe jipya". Lakini mtu aitwaye Jembe ni mtu, naye huingia katika ngeli ya M-WA pamoja na watu wote. Kwa hiyo husemwa "Jembe amevunjika mguu, Jembe yule, Jembe wetu, Jembe mpya". Kadhalika hunenwa "nimeliona jembe", bali "nimemwona Jembe". Hata kama mtu ataitwa Kisu, au Mti, au Maziwa, au Ukuta, ataitwa yeye, wala hataitwa kile, wala ule, wala yale.

Jambo la pili. Herufi kubwa husaidia, lakini haisaidii kila mahali. Katikati ya sentensi herufi kubwa humwonyesha msomaji kwamba jina ni la mtu. Mtu akiandika, "Nimeupata mpini wa Jembe," maana yake ni mpini ambao ni mali ya Jembe. Na akiandika, "Nimeupata mpini wa jembe," ni mpini wa kulimia. Hapo upatanisho hauwezi kusaidia, kwa sababu neno "wa" linafuata mpini, halifuati jina lililo nyuma yake. Lakini mwanzo wa sentensi kila neno huandikwa kwa herufi kubwa, liwe la mtu au la kitu. Na hapo silabi ya kitendo, yaani a- au li-, ndiyo mlinzi. Vilevile masikio hayasikii herufi kubwa. Tena, watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya herufi za Kilatini kuenea, na katika herufi za Kiarabu hakuna kubwa na ndogo. Wasomaji wao walimtambua mtu kwa upatanisho na kwa maana.

Jambo la tatu. Wingi wa jina la mtu haufanywi kama wingi wa kitu. "Majembe yamefika" maana yake vyombo vya kulimia vimefika. Ikiwa Jembe amefika pamoja na jamaa zake, husemwa, "Akina Jembe wamefika."

Jambo la nne. Yapo majina ambayo upatanisho peke yake hauwezi kuyalinda, nayo ni majina ya wanyama. Mnyama naye hupewa a- kama mtu. Mtu akipiga kelele njiani, "Simba ameingia kijijini!" watu watafunga milango na kushika mikuki, kumbe aliyeingia ni mgeni mwenye jina la Simba, anatafuta mahali pa kulala. Dawa yake ni kuongeza neno la heshima au jina la kwanza. Akisema, "Mzee Simba ameingia kijijini," watu watatandika mkeka na kuchemsha maji.

Jambo la tano. Mwenye kuandika habari ya haraka asiache neno ambalo msomaji wa mbali atalihitaji. Karatasi ile ilikosa jina la Yosefu, ilikosa neno "mguu", na mwisho ikakosa a-. Kama neno moja tu kati ya hayo lingalikuwapo, mtunza ghala angalishtuka. Angalisoma "Jembe amevunjika", angalijiuliza, "Ni nani huyu Jembe?" na angalimwita tabibu. Silabi ndogo iliyofutwa ilikuwa mlango wa mwisho, na mlango huo ukafungwa.

Ndipo mmoja akauliza, "Mwalimu, je, sheria hii ni ya majina ya kigeni tu?"

Mwalimu akajibu kwamba ni ya watu wote, wakubwa kwa wadogo, akataja majina ambayo wanafunzi waliyajua katika somo la habari za kale. Kimweri ye Nyumbai alikuwa mfalme wa Wasambaa, akakaa Vuga, na Krapf alifika kwake katika mwaka wa 1848. Jina lake linaanza na ki-, kama kiti na kisima. Lakini hakuna asemaye "Kimweri kilitawala". Husemwa, "Kimweri alitawala Vuga." Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyekufa katika mwaka wa 1884, jina lake linaanza na mi-, kama miti na mikuki, lakini husemwa, "Mirambo alipigana," wala si "Mirambo ilipigana". Mkwawa wa Wahehe aliwashinda Wajerumani pale Lugalo katika mwaka wa 1891, akafa katika mwaka wa 1898. Jina lake laweza kufanana masikioni na mkwaju. Lakini mkwaju ulianguka, na Mkwawa alianguka. Na Kinjikitile Ngwale, aliyewapa watu maji ya dawa huko Ngarambe, alinyongwa katika mwaka wa 1905 vita vya Maji Maji vilipoanza. Mgeni ajifunzaye Kiswahili angeweza kudhani ni kitu cha ngeli ya KI-VI, bali kila mwenye lugha husema, "Kinjikitile alinyongwa."

"Mnaona," akasema mwalimu, "lugha haimwulizi mtu jina lake lina umbo gani. Humwuliza kwanza kama yeye ni mtu. Akiwa mtu, humpa a- ile ile iliyopewa wafalme."

Halafu akaongeza kwamba majina ya mahali nayo yana desturi iyo hiyo, ya kufuata kile kilichopewa jina. Kilimanjaro ni mlima wenye mita 5,895, kwa hiyo, ijapokuwa jina linaanza na ki-, husemwa, "Mlima Kilimanjaro unaonekana." Ruvuma ni mto, kwa hiyo husemwa, "Mto Ruvuma umejaa." Lakini mtu akizaliwa akaitwa Ruvuma, atasemwa, "Ruvuma amelala," wala hakuna atakayedhani kwamba mto umelala.

Andrea alikuwa ameketi mwisho wa darasa. Alisimama bila kuitwa, akasema, "Mwalimu, mimi ndimi niliyemwambia kiranja afute."

Mwalimu akamjibu, "Najua. Ulilijua somo la Jumatatu vizuri kuliko wote, na mimi nilikuwa sijakufundisha la leo. Lakini liko jambo moja ulilolijua bila kufundishwa. Ulijua kwamba Yosefu ni mtu."

Andrea akaketi, asiweze kujibu.

Baada ya siku nne baba yake Yosefu alikuja shuleni. Mwalimu akampa kiti, akamwamkia, akamweleza habari yote bila kuficha kosa lake mwenyewe. Kisha akasema, "Mzee, kama ukipenda, twaweza kumwandika mtoto kwa jina lingine katika daftari, ili asichekwe tena."

Yule mzee alikaa kimya kitambo, akasema, "Mwalimu, baba yangu alizaliwa mwaka wa njaa. Babu alikuwa amekwisha kuuza mbuzi, na nguo, na sufuria, ili watu wa nyumbani wapate kula. Kilichobaki ni jembe moja. Wengi walimwambia aliuze, naye akakataa. Mvua iliponyesha, nyumba yetu ilikuwa na jembe la kulimia, na nyumba nyingi hazikuwa nalo. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule akaitwa Jembe, tusisahau. Nami nikaitwa mwana wa Jembe, na mwanangu vivi hivi. Jina hili halina kosa, Mwalimu. Kosa lilikuwa katika kalamu."

Mwalimu akaitika, "Ni kweli, Mzee." Na jina likabaki kama lilivyokuwa.

Watoto walisikia habari ile, na ndipo walipojua kwamba jina walilolichezea lilikuwa kumbukumbu ya watu waliookoka katika njaa. Majina mengi ya nchi hizi yana habari kama hizo ndani yake. Masika alizaliwa wakati wa mvua kubwa. Chausiku alizaliwa usiku. Shida, Tabu na Mashaka walizaliwa wazazi wao walipokuwa katika dhiki. Asiyeijua habari husikia neno tu. Aijuaye husikia nyumba nzima.

Yosefu aliporudi kwa fimbo yake, siku ya kwanza wenzake hawakujua wamwambie nini. Alipokuwa bado mlangoni Andrea alisimama, akachukua daftari na vitabu vyake Yosefu akamwekea mahali pake. Kisha akamgeukia mwalimu akasema kwa sauti ya kusikika darasani kote, "Mwalimu, Jembe amekuja."

Hapana aliyecheka. Mwalimu akaitazama a- ile kama mtu atazamaye mbegu iliyoota, akasema, "Ndiyo, amekuja. Karibu, Jembe. Tuendelee na somo."

MASWALI

1. Kwa nini mwalimu aliwaita wale wanafunzi watatu kwa majina ya baba zao?
2. Mfano wa Jumatatu ulikuwa sahihi, tena ulileta madhara. Eleza jinsi yalivyowezekana mambo hayo mawili kwa pamoja.
3. Taja maneno yaliyokosekana katika karatasi ya kiranja. Kila moja lingalimwonyesha nini mtunza ghala?
4. Kwa nini baba yake Yosefu hakukubali jina libadilishwe?

ZOEZI LA KWANZA

Jaza nafasi kwa upatanisho ulio sawa.

1. Bwana Kisu ...mefika, mpe kiti.
2. Kisu ...mepotea, angalia jikoni.
3. Mirambo ...likuwa mtemi wa Wanyamwezi.
4. Maziwa ...memwagika; mwite paka.
5. Mama Maziwa ...meumwa, mwite tabibu.
6. Nime...ona Jembe akienda kwao.
7. Nime...ona jembe karibu na mlango.
8. Akina Ukuta ...takuja kesho.

ZOEZI LA PILI

Mtu mmoja aitwa Chui. Amepotea njia karibu na kijiji chenu, na usiku umeingia. Andika barua ya mistari mitatu kwa jumbe wa kijiji, ukiomba watu waende kumtafuta. Iandike hivi kwamba watu watoke na taa, wala wasitoke na mikuki.

ZOEZI LA TATU

Mwulize mzee wa nyumbani kwenu habari ya jina la ukoo wenu au la babu yako. Andika alivyokuambia, halafu litumie jina hilo katika sentensi tano, ukiangalia sana upatanisho.